Gari la kwenda Serengeti: Bei ya siku si bei ya safari

MTEJA anayeingia katika ofisi ya kukodisha magari mjini Arusha na kuuliza bei hupewa jibu moja la haraka: shilingi kadhaa kwa siku. Hutoka hapo, akaingia ofisi ya pili na ya tatu, kisha hurudi kwenye ile iliyotaja bei ya chini kuliko zote. Anaamini amefanya biashara nzuri. Mara nyingi siku ya kurudisha gari ndipo anapogundua kuwa alinunua kitu ambacho bei yake hakuijua.

Bei ya siku si uongo. Tatizo ni kwamba ni sehemu moja tu ya gharama, na kwa safari ya mbuga za Kaskazini huenda isifikie hata nusu ya fedha zitakazotoka mfukoni. Kilomita za ziada, dizeli, kodi, posho ya dereva, ada za milango na tairi lililopasuka havitajwi mlangoni. Vyote hulipwa.

Chukua mfano wa kikundi cha wafanyabiashara sita wenye maduka, ambao kwa mwaka mzima wameweka akiba kidogo kidogo ili waende Ngorongoro na Serengeti kwa siku nne. Fungu walilotenga kwa usafiri, yaani gari na mafuta tu, ni shilingi 2,200,000. Zaidi ya hapo fedha itatoka kwenye mtaji wa duka, na kila mwenye duka anajua mtaji uliotoka kwa matembezi haurudi kwa urahisi.

Kikundi hiki kina njia mbili. Ya kwanza ni kukodi magari mawili madogo aina ya RAV4, kila moja kwa shilingi 180,000 kwa siku, na kuendesha wenyewe. Ya pili ni kukodi Land Cruiser moja ndefu yenye dereva kwa shilingi 400,000 kwa siku. Tarakimu hizi ni za kufanyia hesabu tu, kwani bei hupanda na kushuka kwa msimu na kwa hali ya gari. Namna ya kupiga hesabu haibadiliki.

Kwa macho ya haraka magari mawili ndiyo nafuu. Kwa siku nne yote mawili ni shilingi 1,440,000, wakati Land Cruiser ni shilingi 1,600,000. Kikundi kingi kingechagua RAV4 na kujipongeza kwa kuokoa shilingi 160,000.

HESABU YA BARABARANI

Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni kilomita 335. Kwenda na kurudi ni 670. Ukiongeza mizunguko ya kutazama wanyama, ambayo kwa siku moja hufikia kilomita 100 au 150 bila mtu kuhisi, safari nzima inakaribia kilomita 1,000.

Sasa usome mkataba wa gari dogo. Mikataba mingi ya bei ya chini huwa na kikomo cha kilomita. Kikiwa kilomita 150 kwa siku, siku nne ni kilomita 600. Kilomita 400 zilizobaki hutozwa pembeni. Kwa shilingi 800 kwa kila kilomita, hizo ni shilingi 320,000 kwa gari moja.

Gari dogo sasa limefika shilingi 1,040,000. Ikiwa bei iliyotajwa ilikuwa kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), asilimia 18 huongeza shilingi 187,200, na jumla inakuwa 1,227,200. Petroli nayo ipo. Kwa kukadiria lita 11 kwa kilomita 100, na lita kwa shilingi 3,000, mafuta ni shilingi 330,000. Gari moja dogo limegharimu shilingi 1,557,200. Mawili ni shilingi 3,114,400.

Upande wa pili, chukulia kuwa bei ya Land Cruiser ina ndani yake dereva, posho yake, VAT na kilomita zisizo na kikomo, kama ilivyo kawaida kwa magari yanayokodishwa kwa safari za mbugani. Linalobaki ni dizeli. Gari hilo ni zito na hunywa zaidi, tuseme lita 16 kwa kilomita 100, ambazo ni lita 160 au shilingi 480,000. Jumla ni shilingi 2,080,000.

Kile kilichoonekana nafuu kwa shilingi 160,000 kimekuwa ghali kwa shilingi 1,034,400. Kikundi kilichochagua RAV4 kimevuka fungu lake kwa shilingi 914,400. Kilichochagua gari kubwa kimebakiza shilingi 120,000, na kila mtu amechangia chini kidogo ya shilingi 347,000.

Hii haina maana kuwa gari kubwa ni bora kila wakati. Kundi la watu wanne wanaotosha katika RAV4 moja litalipa shilingi 389,300 kwa kila mmoja, wakati kwa Land Cruiser wangelipa 520,000. Watu wawili watapata hasara kubwa zaidi wakijifanya wakubwa. Kinachoamua ni idadi ya vichwa, na gari lenye viti vitupu ni sawa na duka lenye rafu tupu: kodi ya pango ni ile ile.

SAA 24 ZA LANGONI

Gharama ya pili inayosahauliwa ni ya milango, nayo huongezeka au hupungua kufuatana na ratiba.

Barabara ya kawaida kutoka Arusha hupita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, kisha huingia Hifadhi ya Ngorongoro katika lango la Lodoare. Serengeti inaanzia upande wa pili. Kwa hiyo anayekwenda Serengeti kwa njia hii hukanyaga ardhi ya mamlaka mbili, Ngorongoro (NCAA) na Hifadhi za Taifa (TANAPA), na kila moja ina ada yake. Hata asiyesimama Ngorongoro, anayepita tu, hulipa. Akirudi kwa njia ile ile baada ya siku mbili au tatu, hulipa tena.

Kibali huhesabiwa kwa saa 24. Mtu aliyeingia Serengeti kwa lango la Naabi saa 8:00 mchana siku ya kwanza, akalala usiku mbili, anatakiwa awe ametoka ifikapo saa 8:00 mchana siku ya tatu. Akichelewa kwa kuwa amekuta simba chini ya mti, kibali cha siku nyingine kinamsubiri langoni. Naabi iko karibu kilomita 45 kutoka Seronera, na mwendo ndani ya hifadhi hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo muda wa kuanza safari ya kutoka si ule wa mwisho wa kibali. Ni saa moja na nusu kabla, au mbili.

Mpangaji mzuri huitumia ada ya pili ya Ngorongoro badala ya kuilipa bure. Siku ya kwanza hupita moja kwa moja hadi Serengeti. Anaporudi siku ya tatu huingia Ngorongoro alasiri, hulala juu ya ukingo, na alfajiri ya siku ya nne huteremka kreta akiwa bado ndani ya saa zake 24. Ada ambayo wengine wameilipa kwa kupita tu, yeye ameipatia kreta.

Kuteremka kreta kuna ada yake ya pekee, inayotozwa kwa gari na si kwa mtu. Hapa tena magari mawili hulipa mara mbili, na gari moja lililojaa hugawana ada moja. Gari lisilo na mvuto wa magurudumu yote manne haliteremki kabisa. Anayekodi gari dogo aulize mapema, na aoneshwe kuwa mvuto huo unafanya kazi. Nembo iliyobandikwa nyuma si ushahidi.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada zao kwa shilingi, kwa viwango vilivyo chini sana ya vile vya wageni ambavyo ni vya dola. Kitambulisho kisisahaulike. Fedha taslimu hazipokelewi milangoni, hivyo malipo yaandaliwe kwa benki, kadi au simu kabla ya kufika mahali ambapo mtandao unasuasua.

Wapo wanaofikiria kukodi gari Nairobi na kuingia nalo kupitia Namanga kwa kuwa wameona bei nzuri. Gari lenye namba za kigeni hulipa ada ya hifadhi kwa dola, na tofauti yake na gari la namba za Tanzania ni kubwa mno. Ongeza kibali cha gari cha muda na bima ya kuvuka mpaka, na nafuu yote inakuwa imekwisha pale Namanga.

Kwa walioko Kanda ya Ziwa, njia ya akiba ipo karibu. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya lami ya Mwanza kwenda Musoma. Anayeingilia hapo na kutokea hapo hapo hafiki Ngorongoro na halipi ada zake. Anakosa kreta, lakini anapata Serengeti. Tahadhari ni moja: ukanda huo wa magharibi una udongo mweusi wa mfinyanzi, na mvua ikinyesha gari dogo halina ubavu nao.

NAMBA NYEUPE, NAMBA YA NJANO

Kila soko lina bidhaa za pembeni. Katika kukodisha magari, bidhaa hiyo ni gari binafsi linaloletwa na dalali kwa bei inayokata ya ofisi kwa theluthi au zaidi. Gari ni safi, mwenyewe ni mtu mwema, na makubaliano hufanyika kwa simu.

Gari hilo hujulikana kwa namba ya njano, ambayo ni ya matumizi binafsi. Magari ya biashara hubeba namba nyeupe. Tofauti ya rangi ni tofauti ya bima. Bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi haikubeba hatari ya kukodisha. Likipinduka Makuyuni, kampuni ya bima ina haki ya kuuliza nani alikuwa anaendesha na kwa malipo gani, na jibu la kweli litaifanya ikatae kulipa. Mwenye gari atamgeukia mteja. Hapo mteja aliyeokoa shilingi 60,000 kwa siku anadaiwa gari zima.

Hata katika ofisi halali, neno "bima kubwa" halitoshi. Mteja aulize mambo matatu. Kwanza, ajali ikitokea yeye atabeba kiasi gani cha mwanzo kabla bima haijaanza kulipa. Kiasi hicho huandikwa katika mkataba na huweza kuwa sawa na mtaji wa duka dogo. Pili, je, bima inabeba tairi, vioo na uvungu wa gari? Mara nyingi haibebi, na katika barabara ya changarawe hivyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Tatu, je, mkataba unaruhusu gari kuingia hifadhini? Baadhi ya ofisi za mjini hukodisha magari yao kwa barabara za lami tu. Aliyevunja sharti hilo ametoka nje ya bima tangu alipoingia Lodoare.

Kabla ya kusaini, gari lizungukwe. Kila mkwaruzo upigwe picha kwa simu, mwenye gari akiwepo. Tairi za akiba ziwe mbili, si moja, nazo ziwe na upepo. Jeki iwekwe chini ya gari na kujaribiwa. Koleo na kamba ya kuvutia viwe ndani. Mafuta yarudishwe kwa kiwango kile kile yalivyochukuliwa, na kiwango hicho kiandikwe. Risiti iwe ya mashine ya EFD, kwa sababu mgogoro ukitokea, karatasi ya daftari iliyochanwa haina nguvu.

Mafuta yajazwe Karatu. Seronera yapo, lakini bei yake si ya mjini. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na hutofautiana kwa wilaya. Anayesafiri wiki hiyo atazame tangazo kwanza, kwani kwa lita 160 badiliko la shilingi 100 kwa lita ni shilingi 16,000.

KWA NINI BEI HUSHUKA

Ili kujadili bei vizuri, mteja ajue mwenye gari anahesabu nini.

Land Cruiser nyingi za mbugani huingizwa zikiwa zimetumika, kisha gereji za Arusha huzirefusha na kuzifungia paa la kuinuka. Fedha nyingi imelala pale, na kwa wengi ni fedha ya mkopo. Marejesho ya benki, bima ya mwaka na leseni hulipwa gari likiwa barabarani au likiwa uani. Gharama inayoongezeka gari linapotoka ni dereva, oili, tairi, springi na uchakavu.

Kutokana na hilo, mwenye gari ana bei mbili kichwani. Ya juu ni ile inayolipa kila kitu na kumwachia faida. Ya chini ni ile inayofidia gharama za kutoka tu, na kuacha kidogo cha kupeleka benki. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na wakati wa Krismasi, bei ya chini haisikiki. Desemba hata magari ya kawaida huadimika, kwa sababu watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani na wageni wa mbugani wanafika kwa wakati mmoja. Januari na Februari nazo hazilegei, kwani nyumbu wanazaa katika nyanda za Ndutu na wageni huwafuata.

Aprili na Mei, mvua za masika zinapomwagika, uani hujaa. Huo ndio wakati mwenye gari husikiliza. Mteja anayeweza kulipa papo hapo na kuchukua siku nne au tano mfululizo ana nguvu ya kujadili, kwa sababu kwa mwenye gari siku tano za bei ndogo ni bora kuliko siku moja ya bei kubwa na nne za kulala.

Nafuu hiyo ina upande wa pili. Gari likinasa katika matope kutwa nzima, siku ya kukodi imelipwa bure na kibali cha hifadhi kinaendelea kuhesabu saa zake. Anayekwenda wakati wa masika asijaribu kuendesha mwenyewe. Dereva anayeijua njia, anayejua korongo lipi hupitika asubuhi na halipitiki jioni, hurudisha posho yake kwa siku moja tu. Kwa asiyetaka bahati nasibu, Novemba ni mwezi wa kati: wageni wamepungua na mvua za vuli kwa kawaida ni nyepesi kuliko za masika.

Ipo pia nafuu isiyotangazwa. Wageni wengi hupelekwa Serengeti kwa gari, kisha huondoka kwa ndege kutoka uwanja mdogo wa Seronera. Gari lao hurudi Arusha tupu. Kwa mwenye gari, safari hiyo ya kurudi imekwisha kulipwa. Anayefuatilia katika ofisi kadhaa na ambaye tarehe zake si za chuma anaweza kupata sehemu ya safari yake kwa bei ambayo haiandikwi popote. Kinyume chake, anayekodi Arusha na kuacha gari Mwanza atatozwa ya kulirudisha.

FUNZO KWA WENYE MITAJI

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kununua gari la kukodisha, hesabu hizi zisomwe kutoka upande wa pili. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wapatao milioni 1.5. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga viwanja vya ndege duniani, walishuka hadi karibu 620,000. Magari yalilala uani miezi mingi huku wenye mikopo wakitafuta namna ya kulipa. Mwaka 2023 idadi ilipanda hadi milioni 1.8, na mwaka 2024 ikavuka milioni mbili. Soko limerudi, na magari yameongezeka pamoja nalo.

Aliyenunua kwa hesabu ya Agosti peke yake atashangaa Aprili. Gari lipimwe kwa siku ngapi litatoka kwa mwaka, na si kwa bei ya siku moja nzuri. Mwenye gari hudanganywa na bei ya siku kama vile mteja anavyodanganywa nayo. Wenyeji wa mteja huyo mtarajiwa, yaani wafanyabiashara wa ndani wanaolipa kwa shilingi na wanaoweza kusafiri msimu wa mvua, ndio wanaoweza kulitoa gari uani wakati wageni hawapo.

Wale wenye maduka sita wafanye jambo moja kabla ya kutoa malipo ya awali. Wachukue karatasi, waandike mistari minane: kukodi, kilomita za ziada, VAT, mafuta, dereva, ada za milango, kreta, na akiba ya tairi. Kila ofisi wanayoingia iulizwe mistari yote minane, kisha jumla igawanywe kwa idadi ya watu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari ni mali. Ofisi itakayokataa kujaza mstari hata mmoja imekwisha kutoa jibu lake.